Sugu yenye kiini juu ya kidole kidogo cha mguu: natembea upande kama kaa, naombeni msaada

Mtembea Kariakoo
Wakuu salaam. Nimetafuta humu nimekuta nyuzi za magaga na za fangasi, za sugu yenye kiini sijaziona, ndiyo maana nafungua huu.

Mimi ni mtu wa mauzo. Kazi yangu ni kupita maduka ya jumla kuchukua oda: Msimbazi, Kongo, Sikukuu, Mchikichi, narudia tena, halafu jioni nasimama kwenye daladala mpaka Mbagala. Ofisini wanataka viatu vyeusi vya kufunika, na mimi nina hivi vya mchongoko. Juu ya kidole kidogo cha mguu wa kulia kumeota kitu kigumu cha mviringo, katikati kina kiini cha njano kinachong'aa. Nikivaa kiatu, mpaka saa nne asubuhi nimeshachechemea. Shuka tu ikikigusa usiku nashtuka.

Kijana mmoja wa wale wanaopita na beseni la kusugua miguu na kupaka rangi kucha alinikwangua kwa wembe. Nikapata nafuu, kisha kikarudi kilekile mahali palepale. Duka la dawa wameniuzia plasta za sugu lakini maelezo yote ni ya Kichina, sijazibandika. Nataka kujua namna ya kuking'oa na mzizi wake, kisirudi tena.

Mchokonozi
Uza peku mkuu. Wateja wakikuonea huruma oda zitapanda.

Mwana Newala
Pole sana kaka. Kwetu huku hilo halipelekwi hospitali. Unachukua ganda la korosho mbichi, unaliweka kwenye makaa litoe yale mafuta meusi, unadondosha tone moja juu ya kiini. Linaunguza lenyewe, ngozi inabanduka, kwisha habari. Babu zetu wametibu sugu na chunjua hivyo kabla ya hayo maduka ya dawa.

Mchokonozi
Na maji ya betri je? Jirani yangu Tandika ndiyo dawa anayotangaza.

Nesi wa Zamu
Naomba maji ya betri yaishie hapo hapo. Ile ni asidi ya salfa, haichagui kiini na nyama. Ikiingia kwenye kidole kidogo, ambacho mfupa wake uko karibu kabisa na ngozi, inaweza kukuachia kidonda kinachofika kwenye kifundo cha kidole.

Mkuu Mtembea, pole. Kwanza nikuondolee wazo moja: hakina mzizi. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa mahali pamoja kila siku hujilinda kwa kuongeza tabaka la juu, lile la seli zilizokufa. Mbano ukienea sehemu pana, kama kisigino au chini ya unyayo kwa mbele, unapata sugu ya kawaida, pana, mara nyingi haina maumivu. Mbano ukiwa kwenye nukta moja juu ya mfupa, lile tabaka linajikusanya na kuwa kigingi kilichopigwa ncha ikitazama ndani. Kwa hiyo unapokibonyeza hakiumi chenyewe, kimekufa hicho. Ncha yake ndiyo inayochoma nyama hai iliyo chini. Kijana wa beseni alikata kichwa cha kigingi, ukapumua. Kisha ukavaa kiatu kilekile kilichokijenga, nacho kikaendelea na kazi yake.

Na huo wembe wake, umewapitia miguu mingapi kabla ya wako? Homa ya ini aina ya B na VVU vinapita kwenye damu ambayo huioni kwa macho. Akikosea kidogo akakata nyama, una mlango wa bakteria na pepopunda kwenye mguu unaopita kwenye madimbwi ya Kariakoo. Kama unapenda kusuguliwa, nenda na jiwe lako mwenyewe, wembe mkatalie.

Mtembea Kariakoo
Asante dada. Sasa nifanye nini nyumbani? Na hizi plasta?

Nesi wa Zamu
Kabla ya kupaka chochote hakikisha ni sugu na si chunjua, maana watu wengi wanachanganya. Chukua tochi ya simu. Kibonyeze kwa juu, kisha kiminye kwa pembeni kwa vidole viwili. Sugu huuma zaidi ukibonyeza moja kwa moja. Chunjua huuma zaidi ukiiminya pembeni, na ukiilainisha ukaisugua kidogo utaona vidoadoa vyeusi, ambavyo ni vimishipa vya damu vilivyoganda. Chunjua ni virusi, inaambukiza. Sugu haimwambukizi mtu.

Kama ni sugu, na huna kisukari wala tatizo la mzunguko wa damu, fanya hivi jioni ukitoka kazini. Beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, miguu ikae kama dakika 10 hadi 15. Maji yawe ya uvuguvugu kweli, pima kwa kiwiko. Ukitoa mguu, ngozi ya sugu inakuwa nyeupe na laini. Sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu au ile tupa ya miguu, upande mmoja, usikwangue kwa hasira. Lengo la siku moja ni kuondoa tabaka jembamba tu. Watu wanataka wamalize kila kitu usiku mmoja, wanafika kwenye nyama, kesho yake hata ndala haivaliki. Ukimaliza kausha, paka mafuta ya mgando au ya nazi. Ukipata krimu yenye yurea ni bora zaidi, kwa sababu yurea inavuta maji na kulegeza ngozi ngumu. Ya asilimia 10 ni ya kulainisha tu, ya 20 na kuendelea inaanza kuyeyusha ugumu wenyewe.

Fanya hivyo kila siku na wengi hawatahitaji dawa nyingine, mradi kiatu kimebadilika. Nitarudia hilo mpaka mnichoke.

Plasta kama zako kwa kawaida zina dawa inayoitwa asidi ya salisiliki. Plasta za sugu mara nyingi ni asilimia 40, ile ya maji ya kupaka mara nyingi iko kati ya 11 na 17. Geuza pakiti, hata kama ni Kichina tarakimu ni zilezile. Usipoona asilimia wala tarehe ya mwisho wa matumizi, zirudishe, omba zenye maelezo unayoyasoma. Dawa hii inavunja gundi inayoshikanisha seli zilizokufa, lakini haijui mpaka wa sugu uko wapi. Ikigusa ngozi nzima inaila vilevile. Kwa hiyo paka mafuta ya mgando kuzunguka sugu, kata plasta ndogo kuliko sugu yenyewe, bandika katikati tu, funika isihame. Isikae zaidi ya saa 48. Bandua, loweka, sugua ile ngozi nyeupe iliyokufa, rudia. Mwisho wiki mbili. Ikianza kuuma, kuwa nyekundu au kutoa maji, toa, osha, acha. Ikipita wiki mbili bila mabadiliko, nenda ukaonwe.

Na kile kipete cha sponji au felti kilicho kwenye pakiti watu wanakitupa! Hicho ndicho kitu cha maana. Kinazunguka sugu ili kiatu kilalie kwenye pete, sugu ibaki kwenye shimo bila kuguswa. Unaweza hata kukitumia bila dawa yoyote.

Mwana Newala
Nesi umeruka korosho yangu makusudi.

Nesi wa Zamu
Sikuiruka kaka, nilikuwa nakuandalia jibu lake peke yake. Wazee hawakuwa wajinga. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadi, na ukitazama umbo lake la kikemia ni ndugu wa hiyo asidi ya salisiliki ya dukani. Kwa hiyo kubanduka ulikokuona ni kweli. Shida ni kwamba humo humo kuna kadoli, kitu kinachotoa malengelenge na kuchubua. Waulize akina mama wanaobangua korosho kwa mkono vidole vyao vinakuwaje, ndiyo maana wanajipaka majivu au mafuta kabla ya kushika ganda. Plasta unajua ni asilimia ngapi. Ganda la kwenye makaa nani alilipima?

Mwana Newala
Haya, hapo kwenye majivu umenipata, bibi yangu alikuwa anafanya hivyo. Ila msiseme haifanyi kazi.

Nesi wa Zamu
Sijasema haifanyi. Nimesema inafanya kupita kiasi.

Na nimalizie mengine kabla hayajaletwa. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku kucha kinaunguza ngozi, nimeshafunga vidonda vya aina hiyo. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachokula protini, nao hauchagui. Ndimu na siki ni asidi dhaifu, zinalainisha kidogo, lakini maji ya uvuguvugu na sabuni yanafanya kazi hiyo bila kuwasha. Kusaga aspirini ukachanganya na ndimu ni kutengeneza dawa ya dukani bila kipimo, na mwenye mzio wa aspirini asijaribu kabisa.

Fundi Kalibu
Sasa nisikilizeni mimi, maana nesi ametibu mguu na mgonjwa halisi ni kiatu.

Nashona na kukarabati viatu, ofisi yangu ni chini ya mti, miguu nimeiona ya kila namna. Kiatu cha mchongoko kimetengenezwa kwa mguu ambao Mungu hajauumba: vidole vyetu kwa mbele vimetanuka, chenyewe kwa mbele kimefunga. Kidole kidogo kinasukumwa chini ya mwenzake au kinakunjwa, kifundo kinanyanyuka, kinakutana na paa la kiatu. Hapo hapo ndipo sugu ya mleta mada ilipo, sihitaji kuiona.

Fanya jaribio. Simama peku juu ya karatasi, uzito kwenye miguu yote miwili, mwambie mtu akuchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Usijichoree mwenyewe, ukiinama mguu unabadilika. Kisha weka kiatu chako juu ya mchoro. Kama mstari wa mguu umetokeza nje ya kiatu, huna haja ya kuniuliza sugu imetoka wapi. Nina wateja wanabishana na mimi namba, "mimi navaa 42 tangu sekondari." Namba ni urefu, mara nyingi shida ni upana. Halafu mguu wa mtu mzima unaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, unalala, unatanuka. Ukiwa mnene au ukizaa ndiyo zaidi.

Nunua kiatu jioni, sio asubuhi. Mguu wa jioni umevimba, ndio utakaokivaa. Vaa vyote viwili, kwa sababu kuna mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na pima kwa ule mkubwa. Nenda na soksi utakazovaa kazini. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na angalia vizuri, wengine kidole chao kirefu ni cha pili. Kisha tembea hapo dukani, muuzaji akinuna mwache anune. Kikibana akakwambia "kitatanuka chenyewe", ujue kitatanukia kwenye nyama yako.

Kwa viatu ulivyonavyo: kama ni ngozi halisi vilete kwa fundi mwenye kalibu, lile umbo la mguu la kutanulia kiatu. Tunalowanisha ndani kwa spiriti na maji, tunaingiza kalibu, tunaongeza kipande pale sugu inapogusa, tunaacha mpaka ikauke. Upana unaongezeka, urefu hauongezeki, asikudanganye mtu. Kama ni ngozi bandia usitupe pesa yako, inatanuka leo na kesho imerudi, au inapasuka kabisa.

Kama ni cha kamba, kuna ujanja wa bure. Ruka yale matundu yaliyo karibu na mahali panapouma, usipitishe kamba hapo. Kiatu kinafunguka kidogo sehemu hiyo tu.

Na mitumba, nyie watu wa mitumba! Mtumba mzuri ni mzuri, mimi mwenyewe navaa. Lakini toa ile soli ya ndani uiangalie. Mwenye nacho wa kwanza ameshachimba mashimo ya kisigino na vidole vyake humo, wewe unakanyaga juu ya kingo za mashimo ya mtu mwingine. Badilisha soli ya ndani. Na geuza chini: kama kimelika upande mmoja, kitakulaza upande huohuo, ukaote sugu ambayo hukuwa nayo. Hicho kiache.

Mchokonozi
Fundi leo umetoa darasa la bure, chini ya mti kuna nini, chuo?

Gambuti la Feri
Wakuu mimi yangu haiko juu, iko katikati ya kidole cha nne na cha tano. Ni nyeupe, imelowa lowa, inauma kama nimekanyaga kioo. Nauza samaki Feri, nashinda kwenye gambuti na maji tangu alfajiri. Nimepaka dawa ya fangasi mpaka nimechoka.

Nesi wa Zamu
Gambuti, yako inawezekana kabisa ni sugu, ile aina laini. Inaota katikati ya vidole pale mifupa miwili inapogongana, na hasa hapo ulipotaja, cha nne na cha tano. Inakuwa nyeupe na laini kwa sababu ya jasho na maji, kwa hiyo watu wanaitibu kama fangasi. Tofauti yake: fangasi inawasha, ngozi inachanika na kubanduka, mara nyingi inaenea vidole kadhaa. Sugu laini iko nukta moja, na ukivibana vidole viwili pamoja unaruka. Unaweza pia kuwa navyo vyote viwili, kwa kazi yako sitashangaa.

Hapo plasta ya asidi USIWEKE. Ngozi ya katikati ya vidole ni laini na imelowa, dawa inasambaa na kuchimba. Kazi ni mbili tu, kukausha na kutenganisha. Ukitoka kazini osha, kausha katikati ya vidole mpaka pakavu kabisa, weka kipande cha sponji au kile kitenganishi cha silikoni kati ya vidole. Pamba nayo inafaa lakini ikilowa itoe, usikae nayo. Soksi za pamba, beba jozi ya pili, badilisha mchana. Gambuti zikioshwa zigeuzwe zikauke, ukiweza uwe na jozi mbili za kupokezana. Na zisibane kwa mbele, gambuti nyembamba zipo. Ukiona usaha, harufu au wekundu unaopanda mguuni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Gambuti la Feri
Silikoni inapatikana wapi?

Binti Forodhani
Famasi kubwa zinazo kaka, hata wauza vipodozi wengine. Zinafuliwa kwa sabuni, unazikausha, unazitumia tena. Ila zisikubane mpaka kidole kikafa ganzi.

Na mimi nina swali, nesi. Mama yangu ana kisukari cha siku nyingi. Ana sugu chini ya mguu kwa mbele, usawa wa kidole gumba. Haimuumi hata kidogo. Nimesoma uzi huu nikataka kumchukulia hizo plasta na jiwe nimsugulie.

Nesi wa Zamu
Dada yangu, usimguse mama. Hii ndiyo sehemu ya uzi huu ninayotaka watu wasome mara mbili.

Kutomuuma si habari njema. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu neva za miguu, mtu anakanyaga msumari na hajui. Sugu kwake inakandamiza nyama ya chini kila anapopiga hatua, na kwa kuwa haumii hachechemei, hapumzishi mguu, anaendelea kukanyaga palepale. Chini ya ile ngozi ngumu nyama inakufa kimya. Siku unapoona doa jeusi au la damu ndani ya sugu, ujue huenda kidonda tayari kipo, kimefunikwa tu. Ukiongeza asidi hapo, kwa mtu ambaye hatahisi ikimuunguza, na damu ya kuponyesha haifiki vizuri, ndiyo mwanzo wa safari ya kukatwa mguu. Miguu mingi inayokatwa kwa wenye kisukari ilianza na kidonda kidogo cha namna hii. Dokta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya vidonda vya miguu vya kisukari hapa Tanzania, na jambo linalojirudia ni lilelile: watu wanafika hospitali wamechelewa, wakiwa wameshajitibu nyumbani.

Mpeleke kliniki yake ya kisukari, waambie waziwazi "naomba aangaliwe miguu", maana foleni ikiwa ndefu wanaangalia sukari na presha wakamaliza. Wana kijiuzi cha nailoni cha kupima kama anahisi, kinabonyezwa nyayoni kwa nguvu ya gramu 10. Sugu yake ataipunguza mtu aliyefunzwa, kwa kisu safi.

Nyumbani kazi yako ni macho. Kila jioni mwangalie nyayo na katikati ya vidole, yeye pengine hawezi kuinama au kuona. Asiloweke miguu, na maji ya kuoga yapime wewe, sio yeye. Asitembee peku hata ndani. Kabla hajavaa kiatu aingize mkono ndani, kuna kijiwe, kuna kifungo, hatavihisi kwa mguu. Mafuta apake juu na chini, katikati ya vidole asipake.

Hayo yanamhusu pia yeyote mwenye ganzi miguuni, aliyewahi kuugua ukoma, au mwenye miguu ya baridi inayobadilika rangi. Watoto nao plasta hizi si zao.

Binti Forodhani
Allah akulipe kheri. Kliniki yake ni Jumanne, nitakwenda naye mwenyewe. Lile doa la damu… nimeangalia sasa hivi, kuna kitu cha kahawia kwa ndani.

Nesi wa Zamu
Usingoje Jumanne. Kesho asubuhi mpeleke.

Mkenya wa Likoni
Wadau, mie niko Likoni. Kijana wangu ana miaka tisa, ana vitu vitatu chini ya kisigino, ngumu hivi. Nimefanya ile ya kuminya pembeni, akapiga ukelele. Na vidoadoa vyeusi viko. Sasa si sugu hiyo?

Nesi wa Zamu
Kwa maelezo hayo ni chunjua za unyayo kaka. Kwa watoto nyingi hupotea zenyewe, ila zinaweza kuchukua mwaka hata miwili. Kama hazimzuii kucheza unaweza kuziacha. Asichangie champali (ndala) wala taulo na wenzake, na asizichokonoe. Zikimsumbua, amwone daktari apewe dawa inayofaa umri wake.

Mwana Newala
Na funza je? Nacho kina doa jeusi.

Nesi wa Zamu
Funza anawasha kwanza, kisha anauma, na ni uvimbe mweupe wenye doa moja jeusi katikati, mara nyingi pembeni ya kucha au kisigino, kwa mtu aliyetembea peku kwenye vumbi lenye funza. Anakuja ndani ya siku chache. Sugu inajengwa kwa wiki na miezi, huamki asubuhi ukaikuta.

Ustaadh wa Tanga
Mimi nina sugu ya nje ya kifundo cha mguu wa kushoto kwa ajili ya kukaa tahiyatu, na wazee wengi msikitini wanazo. Haina kiini, haina maumivu. Niitoe?

Nesi wa Zamu
Kama haiumi, haipasuki na huna kisukari, iache shekhe. Paka mafuta isikauke, na msala mzito unasaidia. Ngozi pale inafanya kazi yake.

Mtembea Kariakoo
Wakuu narudi. Plasta za Kichina nilizirudisha, wakanibadilishia zenye maelezo ya kusomeka, lakini mpaka sasa sijatumia. Nilianza na beseni, jiwe na kipete cha felti. Ile karatasi ya fundi nilichorewa na mke wangu, mguu umetokeza pande zote mbili, tukacheka. Viatu vyangu ni ngozi bandia, kwa hiyo kalibu isingesaidia. Nimenunua vyeusi vya mbele pana, vya kamba, mtumba, nikabadilisha soli ya ndani. Msimamizi hata hakugundua. Kiini kimepungua sana, siku hizi kinauma nikikibonyeza makusudi tu. Je, kikiisha niendelee kusugua?

Nesi wa Zamu
Kikiisha acha kusugua kila siku, paka mafuta tu. Ukiona ugumu unarudi ndiyo urudie jiwe mara moja moja. Na kikirudi wakati kiatu ni kipana na unafanya yote hayo, kapigwe picha ya mguu. Kuna watu kidole chao kimejikunja na hakinyooki tena, au mfupa umetokeza, na hapo unaweza kusugua mpaka uzee. Daktari wa mifupa anaweza kukinyoosha kwa upasuaji mdogo, ila hiyo ni hatua ya mwisho.

Mama Pacha
Naomba kuuliza fundi. Shule zinafunguliwa, mimi kawaida nawanunulia wanangu viatu namba mbili zaidi ili wavikulie. Sasa huyu mmoja ameanza kuota ugumu nyuma ya kisigino, na viatu ni vikubwa, havimbani popote. Inakuwaje?

Fundi Kalibu
Mama, kikubwa nacho kinaotesha. Mguu unaogelea ndani, kila hatua kisigino kinapanda na kushuka, kinasuguliwa. Na mtoto anakunja vidole kukishika kiatu kisitoke, sugu ya juu ya vidole inafuata. Najua bei ya viatu vya shule, siwezi kukwambia ununue kila muhula. Ongeza namba moja, sio mbili, na chukua vya kamba au mkanda, vile vya kutumbukiza mguu acha. Weka soli ya ndani ya ziada, nene, ijaze nafasi. Mguu ukikua unaitoa. Nyuma ya kisigino fundi yeyote anakuwekea kipande cha ngozi laini kwa bei ndogo. Na vile vya sasa usivitupe, leta nivipunguze hapo kwa nyuma, avae mpaka Juni.

Mama Pacha
Uko mti gani fundi?

Fundi Kalibu
Nimekutumia ujumbe wa faragha mama. Njoo na mtoto mwenyewe, usiniletee kiatu peke yake.